Kipimo cha vitamini D kwa mtoto mchanga: nani apimwe, damu itolewe vipi, jibu lisomweje

Mtoto ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda vizuri, mifupa yake haina dalili, wala hatumii dawa ya muda mrefu, hana sababu ya kutobolewa ili apimwe vitamini D. Tunaanza hapo kwa sababu baridi ya Juni na Julai ikishaingia Mbeya, Njombe na Iringa, wazazi huja kuomba kipimo hiki kama wanavyoomba cha malaria, na baadhi yetu watoa huduma tunajaza fomu ili mzazi aondoke ameridhika. Fomu hiyo ina gharama. Damu ya mtoto inatoka, sampuli inasafiri, jibu linarudi na alama ya nyota pembeni ya namba, na kuanzia hapo inatibiwa namba, mtoto anasahaulika.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2016 kuhusu ugonjwa wa mifupa laini unaotokana na lishe hauna kigugumizi juu ya hili: watoto wenye afya wasipimwe vitamini D kwa utaratibu wa kuwachuja wote. Badala yake kila mtoto, awe ananyonya au anakunywa maziwa ya kopo, apewe uniti 400 za vitamini D kila siku tangu kuzaliwa hadi atimize miezi 12. Uniti 400 ni sawa na mikrogramu 10. Maziwa ya mama ni chakula bora, lakini vitamini D yake ni kidogo mno. Lita nzima kwa kawaida haifiki uniti 100. Kwa hiyo kabla ya kulipia kipimo, uliza bei yake, jumlisha nauli ya kwenda mjini, kisha uliza bei ya chupa ya matone duka la dawa, ndipo uamue.

Kuna sababu mbili zinazofanya kipimo hiki kisifae kuchuja watoto wote. Kwanza, namba ndogo si ugonjwa. Wapo watoto wengi wenye vitamini D ya chini ambao mifupa yao ni mizima kabisa. Pili, na hili ndilo linalotugusa zaidi Afrika, mtoto anaweza kuwa na ugonjwa kamili huku vitamini D yake si mbaya kihivyo, kwa sababu kilichokosekana mwilini ni kalsiamu. Utafiti uliofanyika Jos, Nigeria, na kutolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa huu waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Wale walikuwa watoto waliokwisha kuacha kunyonya, si wachanga, lakini vyakula vyao havikuwa tofauti sana na vya huku: nafaka kwa wingi, maziwa kwa nadra. Anayetegemea kipimo cha vitamini D peke yake atawaambia wazazi wa watoto wa namna hiyo kwamba hakuna shida.

Wanaostahili kupimwa

Orodha ni fupi. Mtoto mwenye dalili za mifupa tutakazozieleza hapa chini. Mtoto mchanga aliyepata degedege bila homa na sukari yake iko sawa. Mtoto mwenye moyo uliotanuka bila sababu inayojulikana, kwa kuwa kalsiamu ikishuka sana msuli wa moyo nao unachoka. Mtoto mwenye manjano ya muda mrefu yatokanayo na nyongo kuziba, au kuhara kusikokoma, maana vitamini D husafiri pamoja na mafuta ya chakula na mafuta yasipofyonzwa nayo inapotea. Na mtoto anayetumia kwa miezi dawa za kifafa kama fenobabitoni, fenitoini au kabamazepini, au rifampisini ya kifua kikuu. Dawa hizi huliamsha ini liivunje vitamini D haraka kuliko kawaida. Huku kwetu wa kundi hili la mwisho wapo wengi kuliko inavyodhaniwa: mtoto wa kifafa aliyeanzishiwa fenobabitoni akiwa na miezi minne anaweza kufika mwaka bila mtu yeyote kugusa vifundo vya mikono yake.

Mtoto mwenye ualbino yuko peke yake kwenye hesabu hii. Huyo haanikwi juani kwa sababu yoyote. Mpe matone tangu siku ya kwanza, basi. Habari ya kipimo inafuata pale tu dalili zikionekana.

Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, naye mifupa yake huweza kulainika, lakini kwake kinachokosekana zaidi ni fosfeti, madini yanayojenga mfupa pamoja na kalsiamu, na anafuatiliwa kwa njia yake na daktari wa watoto. Usimchanganye na hawa.

Mikono kwanza, damu baadaye

Chumba cha kliniki cha Makete au Mufindi mwezi wa saba hakimshawishi mama amvue mtoto nguo, na hapo ndipo dalili nyingi zinapopita. Funga dirisha, pasha mikono yako, mvue nusu ya juu kwanza, umalize, umfunike, kisha nusu ya chini. Dakika tano zinatosha.

Shika kifundo cha mkono kwa kidole gumba na cha shahada, pale mfupa wa mkono unapoishia kabla ya kiganja. Kwa mtoto mzima kidole kinateleza moja kwa moja. Kwenye ugonjwa kinapanda kwenye uvimbe mgumu usiouma, kana kwamba kifundo kimeongezwa cha pili. Linganisha mikono yote miwili, na kama mama yupo na mtoto mwingine wa umri huo jirani, linganisha na yeye pia. Jicho linajifunza kwa kulinganisha. Kisha pitisha kidole kifuani, mahali mbavu zinapokutana na gegedu, nje kidogo ya mstari wa chuchu. Vinundu vilivyojipanga kuanzia juu hadi chini pande zote mbili ni dalili. Mtoto aliyekonda sana mbavu zake zinaonekana tu, lakini ukizigusa hazina vinundu vya mviringo.

Kichwani, bonyeza polepole nyuma na juu ya sikio. Fuvu lililolainika linabonyea na kurudi kama mpira wa tenisi ya mezani. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu jambo hili linaweza kuwa la kawaida, kwa hiyo lisikupe hofu peke yake. Utosi unaochelewa kuziba, paji la uso lililotokeza, meno ya mbele ambayo hayajatoka mtoto akiwa na miezi 10, kuchelewa kukaa, kulegea mwili, homa ya mapafu inayojirudia: kila moja ina sababu nyingine nyingi, ila zikikutana tatu au nne, mpeleke kwenye picha ya eksirei.

Miguu ndiyo inayowaleta wazazi wengi na ndiyo inayodanganya zaidi. Karibu watoto wote wana matege kidogo hadi miezi 18, wengine hadi miaka miwili, kisha miguu inanyooka yenyewe, hata kupitiliza kidogo upande wa pili. Mlaze mtoto chali, kutanisha vifundo vya miguu, pima nafasi kati ya magoti. Ikizidi sentimita 6, au mguu mmoja umepinda kuliko mwenzake, au mtoto ameshatimiza miaka miwili na hali inazidi, chunguza. Mtoto mchanga ambaye hajaanza kusimama huweza kuwa na ugonjwa mkali huku miguu ikiwa imenyooka, maana mfupa hupinda pale unapobeba uzito. Anayetambaa hupinda mikono.

Bibi wengi huku husema matege yanaletwa na mbeleko au kusimamishwa mapema. Mbeleko haina kosa. Mtoto aliyebebwa mgongoni miguu imepanuka, nyonga zake zinakaa vizuri. Kinachodhuru ni kukanda na kuivuta miguu ili inyooke, kwa sababu mfupa laini unavunjika kirahisi. Shikamoo bibi, halafu mweleze hilo kwa upole mbele ya mama mtoto, la sivyo kukanda kutaendelea mkirudi nyumbani.

Picha ya eksirei ya kifundo cha mkono ndiyo inayothibitisha ugonjwa. Hospitali nyingi za wilaya zinaweza kuipiga, na jibu linapatikana siku hiyo hiyo. Angalia ncha za mifupa miwili ya mkono, hasa ule wa upande wa kidole kidogo: mwisho wa mfupa unakuwa umetanuka, umebonyea katikati na kingo zake zimechakaa badala ya kuwa mstari mkali. Kama picha ni safi na mtoto ni mzima, kipimo cha vitamini D kinaweza kusubiri. Kama picha ni mbaya, matibabu yanaanza siku hiyo. Usikae kungoja jibu la vitamini D kutoka mbali.

Mtoto aliyedumaa anahitaji jicho la ziada. Kwenye utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, Iringa iliongoza nchini kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, Njombe na Rukwa zikifuata. Mfupa usiokua hauonyeshi ugonjwa huu, kwa sababu unaonekana pale gegedu jipya linapokosa madini. Mtoto wa utapiamlo mkali anaweza kuwa na picha isiyo na shida, kisha akianza kula na kukua dalili zinajitokeza wiki chache baadaye. Mrudie.

Uandike nini kwenye fomu

Omba kalsiamu, fosfeti, albumini (protini ya damu inayobeba kalsiamu), alkalini fosfatazi, kimeng'enya cha mifupa, ile inayoandikwa ALP, na kreatinini kwa ajili ya figo. Hivi ndivyo vinavyokuambia mwili unafanya nini. Ukiweza, ongeza homoni ya parathiroidi, ile inayopanda kalsiamu ya damu ikipungua. Vitamini D iandikwe wazi: 25-hidroksi vitamini D. Ukiandika "vitamini D" tu, ipo siku utarudishiwa kipimo cha 1,25-dihidroksi, ambacho kwa kazi hii hakifai. Hiyo ni vitamini iliyokwisha kugeuzwa na figo. Hukaa kwenye damu saa chache tu, na mwili ukiona kalsiamu inapungua huitengeneza kwa wingi, hivyo mtoto mwenye upungufu mkubwa anaweza kupata jibu la kawaida au hata la juu. Ile ya 25-hidroksi hupungua nusu kwa wiki mbili hadi tatu, kwa hiyo ndiyo inayoonyesha akiba.

Usipime wakati mtoto ana homa kali, malaria au nimonia, isipokuwa kama kuna dharura ya kalsiamu. Uvimbe wa maambukizi hushusha 25-hidroksi kwa muda. Subiri apone. Na kwa mtoto wa wiki za mwanzo fahamu kwamba unampima mama yake: vitamini D ya kitovu hufuata ya mama, nayo huwa chini kidogo ya yake.

Kutoa damu

Vipimo vyote hivyo vinahitaji mililita 2 hadi 3. Mtoto ana damu ya kama mililita 80 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo 5 ana 400. Kiasi hicho hakimdhuru, ila kurudia mara tatu kwa sababu ya uzembe kunaanza kuwa kitu. Nusu tu ya damu ndiyo inayotoa seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, na mashine nayo inahitaji kiasi cha kubaki chini ya kikombe chake, hivyo mililita moja inayoonekana kubwa mkononi mwako inaweza isitoshe maabara. Uliza kiwango chao kabla ya kumtoboa mtoto.

Mshipa wa nyuma ya kiganja na sindano ya kipepeo ndiyo njia tunayoipendelea. Mpashe mtoto joto kwanza, kwani mkono wa baridi hautoi damu. Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja, maana ukikaa muda mrefu kalsiamu inapanda kwa uongo. Kisigino kinatumika hadi karibu miezi sita, kwenye kingo mbili za nyayo, kamwe si katikati wala nyuma ya kisigino ambako mfupa uko karibu, na ncha isizame zaidi ya milimita 2.4. Futa tone la kwanza. Usikamue. Kukamua huchanganya damu na majimaji ya nyama na kupasua seli nyekundu, na seli zikipasuka fosfeti iliyokuwa ndani yake inamwagika kwenye seramu. Jibu la fosfeti "ya kawaida" kutoka kwenye seramu ya rangi ya chai ya rangi halina maana. Ndicho kipimo ulichokihitaji kuliko vyote, na kimeharibika.

Chupa ya kifuniko chekundu au cha njano ijazwe kwanza, ya zambarau mwisho. Hapa ndipo kosa baya kuliko yote linapofanyika. Dawa iliyomo kwenye chupa ya zambarau huzuia damu kuganda kwa kuikamata kalsiamu. Damu ikipungua kwenye chupa nyekundu, mtu anamimina kidogo kutoka ya zambarau kuokoa sampuli, na jibu linatoka hivi: kalsiamu chini sana, ALP chini sana, potasiamu juu sana. Ukiona mchanganyiko huo kwa mtoto anayecheza mbele yako, shuku chupa. Kwenye ugonjwa wa kweli wa mifupa ALP inapanda, haishuki.

Iache damu igande kwa nusu saa ikiwa imesimama wima, izungushwe kwenye mashine, kisha seramu ihamishiwe kwenye chupa ndogo safi. Usisafirishe damu nzima kutoka Ludewa hadi Njombe au Mbeya ikiwa bado iko juu ya seli zake, kwani fosfeti na potasiamu zinapanda njiani saa kwa saa. Seramu iliyotenganishwa inasafiri vizuri kwenye kisanduku cha baridi, barafu ikiwa imefungwa kwa kitambaa isigusane na chupa. Kwa upande wa 25-hidroksi yenyewe hakuna haja ya hofu kubwa. Ni imara, huvumilia siku kadhaa kwenye friji ya kawaida. Kinachofia barabarani ni vile vingine, kwa hiyo kama hospitali ya wilaya inaweza kupima kalsiamu, fosfeti na ALP papo hapo, vipimwe pale, na seramu ya vitamini D ndiyo ipande gari. Andika kwenye lebo jina, umri kwa miezi, tarehe na saa. Umri ukikosekana maabara itatumia viwango vya mtu mzima.

Kusoma jibu

Na hilo la viwango ndilo linalopotosha zaidi. ALP ya mtu mzima kwa kawaida haizidi uniti 130 kwa lita hivi. Mtoto mwenye afya anaweza kufika 400 kwa sababu mifupa yake inakua. Karatasi itaweka nyota, mzazi ataogopa bure. Kwa fosfeti ni kinyume chake, na ni hatari zaidi: kiwango cha chini cha mtu mzima ni karibu milimoli 0.8 kwa lita, cha mtoto wa chini ya mwaka kinaanzia karibu 1.3. Jibu la 1.0 halitapata nyota yoyote, na kwa mtoto wa miezi tisa hilo ni jibu baya. Lizungushie duara kwa kalamu. Wakikupa kwa miligramu kwa desilita, gawanya kwa 3.1 kupata milimoli. Kalsiamu gawanya kwa 4, na albumini ikiwa chini ya gramu 40 kwa lita, ongeza 0.02 kwa kila gramu iliyopungua.

ALP ya maelfu kwa mtoto asiye na dalili, mwenye kalsiamu, fosfeti na picha nzuri, ni hali inayojulikana ambayo hutokea baada ya maambukizi madogo na kuisha yenyewe ndani ya miezi michache. Rudia baadaye; usimpe dawa. Upande wa pili, utapiamlo na upungufu wa zinki huishusha ALP, na mtoto mgonjwa akaonekana mzima.

Vitamini D inaandikwa kwa nanomoli kwa lita au nanogramu kwa mililita. Nanogramu 1 ni nanomoli 2.5. Jibu la 20 ni upungufu mkubwa kwa kipimo kimoja na ni salama kwa kingine, kwa hiyo soma uniti kabla ya namba. Mwongozo wa 2016 unahesabu zaidi ya nanomoli 50 kuwa inatosha, kati ya 30 na 50 pungufu, chini ya 30 upungufu hasa. Usigombane na tofauti ya nanomoli tano kati ya maabara mbili. Mashine na njia za kupima hutofautiana zaidi ya hapo. Kwa watoto wa chini ya mwaka kuna jambo la ziada: damu yao ina aina pacha ya vitamini D, yenye umbo lililogeuzwa kidogo na nguvu ndogo, ambayo baadhi ya mashine za kisasa huihesabu pamoja na ile ya kweli, jibu likatoka juu kuliko ilivyo. Mtoto mwenye vifundo vilivyovimba na picha mbaya, halafu jibu linasema 55, aaminiwe kwanza mtoto.

Vikisomwa pamoja vipimo huongea. Vitamini D chini ya 30, homoni ya parathiroidi juu, ALP juu, fosfeti chini: upungufu wa vitamini D. Vitamini D juu ya hapo kidogo, mengine yote yale yale, na chakula kisicho na maziwa wala dagaa: upungufu wa kalsiamu. Fosfeti chini sana, kalsiamu ya kawaida, vitamini D nzuri, homoni ya parathiroidi ya kawaida au iliyopanda kidogo tu: figo zinamwaga fosfeti, mara nyingi ugonjwa wa kurithi, na uniti za vitamini D hazitamponya hata ukimpa mwaka mzima. Huyo anapelekwa rufaa. Kaskazini, kwenye maji yenye floridi nyingi ya Arusha, kuna matege ya aina nyingine kabisa, kwa hiyo muulize mama wamehamia lini na kutoka wapi.

Jua la huku

Ushauri wa "mwanikie jua la asubuhi" ni mzuri kwa joto lakini kwa vitamini D hausaidii kitu. Mbeya mwezi Juni jua linachomoza karibu saa moja kamili. Saa mbili bado liko chini sana na miale inayotengeneza vitamini D haijafika ardhini. Kanuni rahisi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko wewe, miale hiyo ni hafifu. Kwa Mbeya ya Juni kivuli kinakuwa kifupi kuliko kimo kuanzia kama saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa kasoro. Dakika chache za mikono, miguu na uso kwa wakati huo, bila kumwacha mtoto aungue, zina faida kuliko saa nzima ya alfajiri ndani ya blanketi, sweta na kofia. Kioo cha dirisha au cha gari huzuia miale hiyo. Ukungu mzito wa Tukuyu nao huipunguza. Mtoto mwenye ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko mweupe, na kwa baridi ya huku wala hatuoni sababu ya kumlazimisha mama amvue nguo nje: matone yanafanya kazi ile ile ndani ya nyumba.

Kalsiamu ndiyo isiyotoka juani. Mtoto wa miezi 6 hadi 12 anahitaji kama miligramu 260 kwa siku. Maziwa ya ng'ombe yana karibu 120 kwa kila mililita 100, na kwa mtoto aliyeanza kula, kuchanganya maziwa yaliyochemshwa kwenye uji kunabadilisha hesabu yote. Uji wa mahindi mtupu hauna kitu. Ulezi unao, mwingi kuliko nafaka zote tulizozizoea, ila una pia viambato vinavyoishikilia kalsiamu isifyonzwe. Kuuloweka na kuuotesha kimea kabla ya kusaga kunavipunguza. Usipa wa Kyela, samaki wadogo kama dagaa, wakiwa wazima na mifupa yao, wakakaushwa na kusagwa unga laini, kijiko kwenye uji, ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Unga uchekechwe vizuri mtoto asije akakwama.

Kutibu na kurudia

Mtoto wa chini ya mwaka mwenye ugonjwa uliothibitishwa hupewa uniti 2,000 za vitamini D kwa siku kwa angalau miezi mitatu, wa mwaka mmoja hadi 12 kati ya 3,000 na 6,000, na wote wapate kalsiamu miligramu 500 kwa siku, kwa chakula au dawa. Baada ya hapo huyo wa chini ya mwaka anarudi kwenye 400, aliyevuka mwaka anaendelea na 600. Dozi moja kubwa ya kumeza mara moja haipewi mtoto wa chini ya miezi mitatu. Anayepata degedege kwa sababu ya kalsiamu anahitaji kalsiamu ya mshipa hospitali, polepole, mapigo ya moyo yakiangaliwa, na mshipa uhakikishwe kwanza, maana ikivuja inaunguza nyama. Kichanga wa chini ya siku 28 anayepewa kalsiamu hiyo asipewe antibiotiki ya seftriaksoni.

Muulize mama ameshampa mtoto matone gani. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, mtoto anapata vitamini D?"

"Anapata, nesi, walimpa matone mwezi wa sita hapa hapa."

Hayo ni ya vitamini A, kidonge cha bluu au chekundu kinachokatwa ncha mara mbili kwa mwaka. Hayana vitamini D.

Na matone yenyewe yasomwe kwenye chupa mbele ya mama. Zipo chupa ambazo uniti 400 ziko kwenye tone moja, na zipo ambazo ziko kwenye mililita nzima. Anayebadilisha chupa bila kubadilisha kipimo anaweza kumpa mtoto dozi ya wiki kadhaa kila asubuhi. Mtoto akianza kutapika, kufunga choo, kukojoa sana na kukataa kunyonya, simamisha matone, pima kalsiamu siku hiyo hiyo; hapo kipimo cha 25-hidroksi kina kazi halali, na jibu linalozidi nanomoli 250 pamoja na kalsiamu iliyopanda ni sumu.

Mtoto anayetibiwa apimwe kalsiamu, fosfeti na ALP baada ya wiki nne. ALP inaweza kupanda kidogo mwanzoni mfupa ukianza kujijenga, hiyo isikutishe. Picha ya kifundo hurudiwa wakati huo huo au baadaye kidogo, na mstari mweupe mwembamba unaojitokeza mwishoni mwa mfupa ndio uthibitisho kwamba dawa inamezwa na inafanya kazi. Vitamini D yenyewe usiirudie kabla ya miezi mitatu, kwa sababu haijatulia. Kama kwa miezi mitatu mstari huo haujaonekana, muulize mama akuonyeshe chupa imebaki kiasi gani, na kama imeisha sawasawa, andika rufaa.